Mpishi Mwenye Dira

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Daftari jipya. Dogo, jalada gumu, linaingia mfuko wa suruali. Mwalimu ametaka kila mtu awe nalo, la kuandikia nyuzi za dira na hatua. Basi kurasa za mbele ni za darasa. Za nyuma ni zangu mwenyewe. Huku haingii mtu!

Tumeanza leo, ukumbi wa kanisa, hapa hapa Ngaramtoni. Tuko saba. Wanaume sita, wapagazi wote, na mimi mpishi. Miaka tisa napika mlimani, baridi, upepo, moshi wa macho — na hakuna mgeni aliyewahi kurudisha sahani yangu. Sasa ni masika, wageni hakuna, sufuria zimelala. Wiki tano za ramani na dira, halafu mtihani wa vitendo. Ukipita unaruhusiwa kuongoza watu msituni. Unatembea mbele, si nyuma na mtungi wa gesi.

Mwalimu wetu ni Fransiska. Mama wa sitini na kitu, alikuwa mpima ardhi mpaka alipostaafu. Anatoka Usa River kila asubuhi na anafika kabla yetu sisi tunaolala hapa. Hapandishi sauti. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia huku anatazama buti zangu. "Hizo zitafaa," akasema. Basi. Nimempenda hapo hapo.

Akauliza kila mtu amefuata nini. Solomoni — kijana wa Olmotonyi, mrefu, maneno mengi — kasema amechoka kubeba mizigo, anataka abebe karatasi. Tukacheka. Mimi nikasema nimekuja kuongeza ujuzi. Jibu la mtu anayeomba kazi!

Sababu yenyewe ni Januari. Niiandike mara moja, yaishe. Safari ya siku tatu kwa miguu, misitu ya upande huu wa Meru, wageni wanne. Siku ya pili ukungu ukashuka. Tukafika njia panda, kiongozi akakata kulia. Nikamwambia, kaka, ni kushoto, hapa nimepita mara sita. Akasema, "Mama, wewe shika sufuria." Watu wakacheka, hata wageni ambao hawakuelewa. Tukaenda kulia. Saa tatu baadaye tuko kwenye korongo lisilo na njia, mawe yanateleza, na Peter akaanguka na mzigo wake. Peter ni mpagazi mwenzetu, jirani yangu kabisa, uzio kwa uzio. Mguu ulivunjika mahali pawili. Tulimbeba kwa blanketi na fito mpaka barabarani.

Nilijua! Lakini nilijua kwa miguu tu. Sikuwa na kitu cha kumwekea mtu mbele ya macho nikamwambia, haya, tazama.

Sasa nitakuwa nacho.

Jumatano, 9 Aprili 2025

Dira mkononi. Kumbe ni kidude hiki tu! Kipande cha plastiki, duara linalozunguka lenye nyuzi mia tatu na sitini, na ndani sindano yenye ncha nyekundu, inatetemeka kama mwana-mbuzi aliyenyeshewa.

Kazi yake: elekeza mshale mkubwa unakokwenda. Zungusha duara mpaka ile ncha nyekundu iingie kwenye mistari iliyochorwa chini yake. Soma namba. Hizo ndizo nyuzi zako, ndizo utakazofuata hata usipoona kitu mbele.

Wenzangu wamemaliza kidato cha nne. Mimi ni darasa la saba, tena la zamani. Nikajitungia langu: ncha nyekundu ni ng'ombe, mistari ni zizi. Ng'ombe akishaingia zizini, ndipo usome. Solomoni alipata kwanza. Wa pili ni mimi! Mwalimu alipita nyuma yangu, akatazama, akaenda kwa mwingine. Kwake hiyo ni sifa.

Ijumaa, 11 Aprili 2025

Hatua. Siku nzima hatua! Tumefunga kamba ya mita mia kwenye kiwanja cha kanisa, tukaenda na kurudi mpaka majani yakalala. Unahesabu mguu wa kushoto tu. Mimi kwenye tambarare ni 65 kwa mita mia. Kupanda mlima ni 74. Kila mtu na zake, mwili wako ndio kipimo.

Ukifika mia unasahau umeshapita mia ngapi. Wenzangu wanaokota kokoto. Mimi nimeweka maharage mfuko wa kushoto. Kila mita mia, punje moja inahamia mfuko wa kulia. Solomoni ananitania: Mama Hope hata msituni anachambua maharage. Acha acheke. Kokoto zake zilitoboa mfuko zikaanguka, akapotelea kwenye mita mia mbili.

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Aibu ya mwaka.

Mwalimu alinipa zoezi la peke yangu: kutoka mti mkubwa nyuma ya kanisa, nyuzi 340, mita 600, utakuta kisima cha zege. Nikaenda kifua mbele. Nahesabu vizuri. Maharage yanahama vizuri. Punje ya sita — nainua macho, niko mlangoni pa boma la watu, ng'ombe wananitazama.

Mzee akatoka, shuka begani, mswaki mdomoni. Lekishon, ndilo jina lake. "Takwenya," akanisalimu. Nikaitikia "Iko," kama hakuna tatizo. Akauliza natafuta nini. Nikasema natafuta kisima, kiko kaskazini. Akatoa mswaki mdomoni. "Mama, kaskazini umeiacha mgongoni."

Ng'ombe wangu aliingia zizini kinyumenyume! Ncha nyeupe ndiyo niliyoiweka kwenye mistari. Nilitembea mita mia sita kwenda upande wa pili wa dunia.

Mwalimu hakunigombeza, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alipima kwenye ramani kwa rula yake, kisha akasema: "Umetembea vizuri sana. Mstari umenyooka kabisa." Akakunja ramani. "Kesho utembee hivyo hivyo, ila uende kisimani."

Mzee Lekishon alinipa maziwa ya kwenye kibuyu kabla sijarudi. Angalau sikurudi bure.

Alhamisi, 17 Aprili 2025

Jambo ambalo nitaliandika huku nyuma tu.

Tangu Jumanne nyuzi zangu zinapinda. Kila mara kwa nyuzi nane, kumi, upande ule ule. Mwalimu akabadilisha dira — bado. Akanipekua: simu? Nimeacha. Kisu? Sina. Funguo? Hamna. Chuma kinavuta sindano, alishatuambia, lakini mimi sina chuma. Akasema mkono wangu labda unatetemeka. Mkono wangu! Unaokata kitunguu gizani hemani!

Jioni nikakaa sebuleni na dira mezani. Imetulia. Nikaishika mbele ya tumbo. Imetulia. Nikaipandisha kifuani, kama ninavyoishika tangu Jumanne ili nisichanganye ncha — ikaondoka! Nikairudisha, ikarudi. Nikaelewa, nikacheka mpaka machozi.

Ni sidiria. Ina waya!

Mume wangu Meshack alikuwa anafuta grisi mikononi, ametoka kwenye pikipiki zake. Nikamwonyesha. Akatazama sindano inavyokimbilia kifuani, akatikisa kichwa. "Usiilaumu. Hata mimi miaka kumi na minane napotelea hapo hapo."

Mwanaume huyu!

Kesho ni Ijumaa Kuu, hakuna darasa. Jumanne nitavaa ile ya michezo.

Jumapili, 20 Aprili 2025

Pasaka. Kanisani palijaa mpaka nje. Mwanangu Hope ametuma salamu kutoka bweni la shule. Mchana nimempelekea Peter pilau.

Anatembea kwa gongo moja sasa, zamani yalikuwa mawili. Alikuwa amekaa uwani na mguu juu ya ndoo. Nikampa dira aishike. Akaigeuzageuza, akauliza inasomwaje, nikamwonyesha, akapata mara ya kwanza.

Akasema, bila kunitazama, "Siku ile ulisema kushoto. Mimi nilikusikia, mama."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu.

"Ningesemaje? Kwamba mpishi amesema?" Akacheka. Nami nikacheka. Halafu hatukucheka tena. Akanirudishia dira.

Nimerudi nyumbani nikafanya mazoezi ya ramani kwa saa mbili, Pasaka na yote. Mungu anaelewa.

Ijumaa, 25 Aprili 2025

Siku yangu!

Mwalimu ameingiza kontua — ile mistari ya kahawia inayojizungusha kwenye ramani. Kila mstari ni urefu mmoja kutoka usawa wa bahari. Ikibanana, ni mteremko mkali. Ikiachana, tambarare. Wanaume wamekodoa macho. Solomoni anaona ni nywele za mwanamke aliyesukwa vibaya.

Mimi nimeiona papo hapo. Ukichemsha uji ukashuka kidogo kidogo, unaacha alama ndani ya sufuria, duara moja juu ya jingine. Sasa igeuze sufuria kifudifudi. Huo ndio mlima! Uji umeuchora.

Nikasema kwa sauti. Mwalimu akaniambia rudia. Nikarudia. Akaenda ubaoni akachora sufuria — kweli kabisa, na mikono yake! — akachora alama za uji, akaigeuza, akaandika juu yake: Meru. Wote wakasema "aaah" kwa pamoja.

Miaka thelathini na tano nimepima, akasema, sijawahi kuisikia hiyo.

Nimetembea mpaka nyumbani kama nimebebwa.

Jumatano, 30 Aprili 2025

Leo nimechapwa. Si kwa fimbo.

Tulikwenda msitu wa kupandwa, juu ya Olmotonyi. Miti imepangwa mistari, yote sura moja, ukigeuka mara moja hujui ulikotoka. Ukungu ukaja saa nne. Zoezi: kutoka kona ya barabara ya magogo, nyuzi 120, mita 800, utakuta daraja la mbao.

Nimetembea nusu, miguu ikaanza kusema. Kabisa, kama sauti ya mtu: unapotea, pinda kulia, daraja liko kulia. Dira inasema mbele. Miguu inasema kulia. Na mimi ni nani? Ni yule aliyesema kushoto mwezi Januari akawa sahihi! Nikaamini miguu.

Dakika arobaini. Nimezunguka kwenye miti ile ile mpaka nikakuta alama za buti, nikafurahi — kumbe ni zangu mwenyewe. Nikapuliza filimbi. Solomoni ndiye aliyekuja kunichukua, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Hiyo iliniuma kuliko utani.

Mwalimu akanikalisha kwenye gogo. Akaniuliza kilichotokea, nikasema ukweli, hata habari ya Januari nikaitoa yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Januari ulikuwa umepita pale mara ngapi?"

Mara sita.

"Na leo hapa?"

Sijawahi.

"Basi miguu yako ilikuwa inakudanganya kwa nia njema. Inajua ilikopita. Pasipo njia haijui kitu, inabahatisha tu, na inabahatisha kwa sauti ile ile." Akanipa chai ya kwenye chupa yake. "Mama Hope, hukuja hapa ili uaminiwe. Hilo litakuja lenyewe. Umekuja ili uweze kujikagua."

Nimekuwa nikijiona mshindi wa Januari tangu Januari. Leo sina uhakika. Nilikuwa sahihi, ndiyo. Lakini kama njia panda ile ingekuwa ngeni kwangu, ningesema kwa uhakika ule ule. Na ningewapeleka korongoni mimi.

Mikono ina baridi. Naacha.

Jumanne, 6 Mei 2025

Msitu ule ule. Ukungu ule ule, mzito zaidi, manyunyu juu yake. Nimeomba mwenyewe nirudie nyuzi 120.

Miguu ikaanza tena maneno yake, mahali pale pale! Kulia, kulia. Nikasimama. Nikaweka dira chini ya pua. Nikachagua mti mmoja ulio kwenye mstari, nikaufikia. Nikachagua mwingine. Mti kwa mti, mti kwa mti. Punje ya nane ikahama mfuko — na buti yangu ikagonga ubao. Daraja! Nusura nilikanyage kabla sijaliona.

Nikakaa juu yake nikala ndizi yangu taratibu, nikisubiri wengine.

Mwalimu kisha akaniambia niwaongoze wote saba kurudi barabarani. Kurudi unageuza nyuzi: zikiwa chini ya 180 unaongeza 180, zikizidi unatoa. Solomoni ndiye aliyenifundisha hilo wiki iliyopita, kwa kijiti, chini kwenye udongo, bila kunicheka. 120 ongeza 180, ni 300. Nikawatoa hatua nane tu kutoka kona yenyewe.

Solomoni ana akili kunizidi kwenye hesabu. Tatizo lake moja: akiona alama za miguu kwenye tope, dira inaingia mfukoni. Mwalimu kamwambia mara tatu. Anasema, lakini Mwalimu, kama mtu ameshapita, si ina maana njia ipo? Leo alifuata alama za ng'ombe nusu kilomita.

Jumapili, 11 Mei 2025

Kesho ndiyo kesho.

Vibao sita vimesambazwa msituni. Kila kibao kina herufi moja. Unatoka kimoja kwenda kingine kwa nyuzi na mita ulizoandikiwa, unanakili herufi kwenye karatasi yako. Mtu mmoja mmoja, mnapishana dakika kumi na tano. Mwisho saa nane mchana. Simu zinawekwa kwenye gunia. Ukikosa kibao kimoja — urudi mwakani.

Vibao amevipigilia Bwana Aminieli, msaidizi wa Mwalimu, Ijumaa kwenye ile mvua. Alipita darasani buti zimejaa tope mpaka magotini, akasema amevificha vizuri, tutamkumbuka.

Meshack ameniuliza kama naogopa. Nimejitafuta. Hapana. Nina hamu, kama siku ya kupanda mlima mara ya kwanza. Najua ninachojua, na nikikosea najua pa kutazama nilipokosea. Nimechagua maharage kumi makubwa ya soya, hayapenyi tundu. Nimekausha soksi jikoni. Nimesali kifupi.

Jumatatu, 12 Mei 2025

Saa saba na dakika tano. Naandikia msituni, mgongo kwenye jiwe. Sijawahi kuandika huku nyuma mchana namna hii, lakini sina la kufanya zaidi ya kukaa hapa, na nikikaa bure nitaondoka.

Nianze mwanzo.

Kibao cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa, kilikuwa nyuma ya kichaka cha miiba, nimechubuka. Cha tatu kiko kwenye kivuko cha kijito, na Mwalimu mwenyewe amekaa hapo na mwavuli. Haruhusiwi kusema na mtu. Tulitazamana tu. Nimetoka hapo saa tano na nusu, wa mwisho kati ya saba, nyuzi 65, mita 400, kupanda.

Punje nne. Nimefika. Ramani inasema makorongo mawili madogo yanakutana, na juu yake kuna kigongo chembamba. Makorongo yapo. Kigongo kipo. Kibao hakuna.

Nikazunguka jiwe kwa jiwe. Hatua ishirini kila upande, kisha thelathini. Hakuna.

Nikajiambia, mama, umekosea hesabu. Haya, jikague. Nikashuka mpaka kijitoni, kwa Mwalimu. Hakusema kitu, alitazama saa yake tu. Nikaanza upya kabisa. Ng'ombe zizini, kichwa mbele. Mti kwa mti. Kushoto 74, punje. 74, punje. Nimetokea hatua sita kutoka pale nilipokuwa mwanzo. Jiwe hili hili.

Ndipo nikasikia filimbi, upande wa kulia, chini, korongo la pili. Na sauti ya Solomoni. "Mama Hope! Kiko huku! Shuka!"

Nikasogea ukingoni. Nawaona kwa mbali, yeye na wawili wengine, na kweli kitu cheupe kimepigiliwa kwenye mti. Na tope lote la kuteremkia huko lina alama za buti. Wote wamepita huko. Sita!

Solomoni akapanda mpaka kwangu, anahema. Akasema herufi ni ile pale, nishuke niisome kwa macho yangu, hata yeye hatanitajia, si wizi. Dakika tano tu. Nikamuuliza alifikaje kule. Akasema aliona alama, na wa kwanza alikuwa ameshakiona kibao kutoka njiani. Nikamuuliza, "Nyuzi zako zilikuleta wapi?" Akatazama chini. Akasema, "Hapa. Karibu na hapa." Halafu akasema, "Lakini kibao kiko kule, mama. Wanataka kibao."

Wingu likafunguka — labda dakika mbili. Kilele cha Meru, cheusi, kimelowa. Nikapiga nyuzi: 88. Nikageuka kabla halijafunga tena, chini kabisa nikauona mnara wa simu wa Ngaramtoni, ule tuliouchora wenyewe kwenye ramani: 205. Nikalaza ramani juu ya jiwe, nikachora mistari miwili kurudi nyuma, mmoja kutoka kileleni, mmoja kutoka mnarani. Imekatana hapa. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Nikamwonyesha Solomoni. Akaifuata mistari kwa kidole. Akasema, "Aisee." Kisha akasema muda unakwisha, vibao viwili vimebaki, ana mke na mtoto, yeye anaenda. Nikamwambia nenda, kaka. Sina kinyongo naye hata chembe.

Bwana Aminieli akaja baada yake. Amekasirika. Wenzako wote wamekiona, ni wewe tu. Nikamwambia, shikamoo Bwana Aminieli, naomba nikuonyeshe kwenye ramani. Akasema hana muda wa kuonyeshwa, vibao kavipiga yeye kwa mkono wake. Nikasema sibishi kwamba kibao kiko kule. Ninachosema ni kwamba karatasi inasema nyuzi 65, mita 400, na hapo ndipo nilipo. Akasema basi kaa hapo hapo mpaka mwakani. Akashuka kuelekea kijitoni, kwa Mwalimu. Nimesikia akimwita kutoka mbali: Mama Hope amegoma!

Sijagoma. Nimekaa.

Herufi iko kule. Naweza kuiona rangi yake kutoka hapa, lakini si umbo. Nikishuka sasa hivi, nikimbie, naweza kuwahi hata cha tano na cha sita. Nimepiga hesabu mara mbili. Naweza.

Lakini nitaandika nini kwenye karatasi? Kwamba nyuzi 65 zilinifikisha pale? Hazikunifikisha. Siku nikiwa na wageni nyuma yangu na ukungu usoni, hakutakuwa na alama za buti za kufuata, wala mtu wa kupiga filimbi kutoka korongo la pili. Patakuwa na mimi na karatasi yangu.

Kwenye nafasi ya nne nimeandika: "Hakuna kibao hapa." Na saa. Na 88, na 205. Nimeweka sahihi.

Huenda nimekosea. Nimejiuliza kwa haki kabisa. Nimepima mara mbili kutoka kijitoni na mara moja kutoka mlimani, na mara zote tatu nimejikuta kwenye jiwe hili. Nikikosea, nimekosea kwa namna ambayo mtu anaweza kuikagua.

Saa saba na nusu. Vijana wote wamekwisha kwenda, msitu umenyamaza. Baridi. Nimekula ndizi.

Saa saba na dakika arobaini. Kuna mtu anapanda.

Ni Mwalimu. Amekunja mwavuli, ameufunga mgongoni. Hapiti kwenye tope walikopita wengine. Anakuja moja kwa moja kati ya miti, mti kwa mti, dira chini ya pua. Bwana Aminieli yuko nyuma yake, anaongea, anaonyesha kulia kwa mkono. Mwalimu hageuki. Midomo yake inacheza.

Anahesabu!

Nimesimama ili nimwamkie, halafu nimefunga mdomo. Amebakiza kama hatua thelathini kufika kwenye jiwe langu. Ishirini na tano. Naandika huku nimesimama, mwandiko umekuwa wa kuku, na simsemeshi — nisije nikamharibia hesabu